Wateja Wengine

Tovuti yangu ilizimwa na kampuni niliyokuwa nikiilipa iiweke hewani. Kuna watu walikuwa wameanza kuishambulia saa chache kabla, lakini kazi yao ilimaliziwa na mwenyeji wangu mwenyewe, kwa barua pepe ya mistari sita iliyofika saa nane usiku. Mwanzoni ilinipa pole kwa usumbufu, mwishoni ikanishukuru kwa kuelewa. Neno lenyewe lilikuwa katikati: akaunti yako imesimamishwa ili kuwalinda wateja wengine.

Haikuwa tovuti ya maana kwa mtu asiye na ng'ombe. Ogwedhi iko mpakani, Migori upande huu na Narok upande ule, na soko la mifugo ndilo linalotukutanisha, Mjaluo, Mmaasai, Mkuria, Mkisii, na mnunuzi aliyekuja na lori kutoka mbali. Ng'ombe mmoja anaweza kuuzwa mara mbili kabla ya saa nne asubuhi na faida yote ikabaki kwa broka, kwa sababu aliyetembea naye usiku kucha hakujua wiki iliyopita ng'ombe wa saizi hiyo alienda kwa ngapi. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, najilisha kwa kuwaandikia watu maneno ya tovuti zao, na siku za soko nilikuwa nazunguka na daftari nikiandika bei. Jioni naziweka mtandaoni. Basi. Watu wakaanza kuzisoma kabla ya kutoka nyumbani. Halafu usiku mmoja wakaingia wageni maelfu kwa sekunde, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ng'ombe.

Nani aliwatuma, sijui mpaka leo. Nina mawazo yangu kuhusu mabroka, lakini mawazo si ushahidi, na siku hizi hata kijana aliyechoka na likizo anaweza kukodi shambulio la namna hiyo kwa pesa ambazo hazinunui mbuzi. Kwa hiyo huyo namwacha. Ninayetaka kumwandika ni mwenyeji, kwa sababu maneno yake niliyatambua. Nilikuwa nimeyasikia mwaka mmoja kabla, hapo nje kwenye ploti yetu, na siku hiyo mimi nilikuwa mmoja wa wateja wengine.

Ploti yenyewe ni vyumba kumi vya mabati, mlango unatazama mlango. Namba nne alikuwa anaishi mama mmoja na watoto wake wawili. Alikuwa amemwacha mwanamume fulani, na mwanamume huyo hakukubali kuachwa. Alikuwa anakuja usiku, siku zingine amelewa na siku zingine hata hajalewa, anarusha mawe juu ya paa. Aliyewahi kulala chini ya mabati anajua: jiwe likigonga namba nne, moja mpaka kumi wote wameamka. Usiku mmoja aliupiga mlango mateke hadi komeo likang'oka. Asubuhi mama akaenda kwa landilodi kuomba mlango utengenezwe. "Nikitengeneza leo, si atavunja tena kesho?" landilodi akamjibu. Mlango ukabaki hivyo, anaufunga kwa kamba na kuuegemeza kiti.

Mwisho wa mwezi tukaitwa mkutano. Landilodi wetu si mtu mbaya. Mwaka nilioacha chuo alinivumilia kodi miezi miwili bila kelele. Aliongea polepole. "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hawa wengine nao wanalipa, na wanataka kulala. Utanisaidia ukitafuta mahali pengine." Kisha akatuangalia sisi. Kuna aliyesema, "Ni ukweli, mzee." Wengine walitazama chini. Mimi nilitazama chini. Jumamosi vitu vyake vikaondoka na boda mbili, godoro juu ya moja, watoto juu ya nyingine, na usiku huo tulilala vizuri sana. Hiyo ndiyo sehemu nisiyopenda kuikumbuka.

Nirudi kwa seva. Lazima nieleze kazi ya wenyeji wa tovuti jinsi ilivyo, kwa sababu hasira yangu ya kwanza haikuwa ya haki.

Kukodi nafasi ya bei ya chini kwenye seva ni kama kukaa ploti. Tovuti mia kadhaa zinaishi kwenye mashine moja, nyingi zikitumia anwani moja ya intaneti, na zote zinaingiliwa kwa njia moja. Njia hiyo ina upana wake. Tuseme inabeba gigabiti kumi kwa sekunde. Mtu akileta arobaini, nguvu za seva hazisaidii kitu, maana foleni imeziba barabarani kabla ya kufika mlangoni. Hakuna kilichoibwa wala kuvunjwa. Ni umati tu umejazana langoni mpaka mteja wa kweli hapati pa kupita. Ndiyo sababu huitwa shambulio la kunyima huduma. Na anayenyimwa si mimi peke yangu. Duka la nguo la mtu wa Rongo, kanisa la mtu wa Kisii, shule ya mtu mwingine, wote wamelala pamoja nami bila hata kujua nipo.

Mwenyeji ana njia chache. Anaweza kuchuja, yaani ayapitishe mafuriko kwenye vituo vyenye njia pana sana, vinavyotenganisha mgeni wa kweli na takataka na kumrudishia wageni peke yao. Hiyo inataka pesa. Au anaweza kumwomba yule mkubwa anayemuuzia intaneti kwamba kila kinachoelekea anwani fulani kitupwe huko huko, kabla hakijamfikia. Kila kitu, takataka pamoja na mgeni. Wahandisi wanaita hilo shimo jeusi. Mwaka 2016 walichapisha hata alama ya pamoja ambayo mtandao mmoja unautumia mwingine kuomba utupiwe anwani shimoni: 65535:666. Ndiyo, 666. Nani alisema wahandisi hawasomi Ufunuo?

Shimo jeusi ni la haraka na halina gharama kubwa. Shida ni kwamba anwani moja ina wapangaji wengi, na ukiitupa umewatupa wote. Inabidi kwanza ajulikane anayetafutwa, na wakati mwingine mafuriko yenyewe hayasemi. Basi mwenyeji anazigawa tovuti makundi, kila kundi anwani yake, anangoja kuona mafuriko yatafuata lipi. Kundi lililofuatwa analigawa tena. Anaendelea hivyo hadi abaki na tovuti moja, na hiyo ndiyo inayoandikiwa barua ya mistari sita.

Niliposoma hilo nilimkumbuka Yona. Nimelelewa kanisani, kisa chake nakijua tangu shule ya Sabato, ila nilikuwa nakisoma kama kisa cha samaki. Safari hii niliwasoma mabaharia. Dhoruba imekuja, hawajui imekuja kwa ajili ya nani, wanapiga kura, kura inamwangukia mmoja. (Waislamu nao wanayo kura hiyo katika kisa cha Yunus.) Lakini kabla ya kura, wale watu walikuwa wameshatupa shehena baharini. Mali kwanza. Kura ilipomwangukia Yona walimuuliza ni nani na ametoka wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wamtupe, na hata hapo hawakumtupa. Walirudi kwenye makasia wakajaribu kufika nchi kavu. Waliposhindwa kabisa ndipo wakamtupa, huku wakiomba damu yake isiwe juu yao.

Na Yona alikuwa na kosa. Dhoruba ilikuwa yake kweli. Mama wa namba nne alikuwa na kosa gani?

Hapa mwenyeji wa tovuti ana jibu, na ni zito kuliko nilivyotaka liwe. Anasema: wewe ulikuwa umeshazama. Hakuna aliyeweza kukufungua nikikuacha, na hakuna anayeweza kukufungua nikikutupa. Kwako hakijapungua kitu, kwa wengine mia mbili nimeokoa kila kitu. Hesabu hiyo ilinisumbua wiki nzima, maana nikiichukua saa ile ya saa nane usiku, na mtu mmoja wa zamu mbele ya skrini, sioni kosa. Ningekuwa mimi kwenye zamu ile ningebonyeza.

Nilikuja kuona ufa wake baadaye, kwa bahati, nilipopiga simu kuulizia faili zangu. Kijana wa huduma kwa wateja aliniambia, bila kuona ni jambo kubwa, kwamba mafuriko yalikuwa yamedumu saa kama tatu hivi na hayajarudi. Siku hiyo akaunti yangu ilikuwa na siku kumi na moja tangu isimamishwe. Bei za miezi saba zilikuwa humo na sikuruhusiwa kuingia kuzichukua hadi "uchunguzi ukamilike". Nikimaliza kungoja, nilishauriwa nikodi seva yangu binafsi, ambayo kwa mwezi mmoja ingekula zaidi ya nilichokuwa nikilipa kwa mwaka.

Sasa piga hesabu upande wa aliyelipia shambulio. Alinunua saa tatu. Akapata siku kumi na moja. Hizo zingine zote aliongezewa na mwenyeji wangu, bure.

Kwa hiyo naligawa swali mara mbili. Kunitupa saa nane usiku, hilo nalisamehe. Kuniacha majini kukishakucha na bahari imetulia, hilo halina kinga kwenye hesabu ya watu mia mbili, kwa sababu saa hiyo hao mia mbili hawako hatarini tena. Kinachobaki ni kwamba mimi nimekuwa mtu wa matatizo. Hilo nalijua, kwa sababu mama wa namba nne naye tulikuwa tumeanza kumwita hivyo, kana kwamba mawe yale alikuwa anayatoa mfukoni mwake.

Mtu anaweza kusema haya ni ya wadogo tu, mwenye jina hayamkuti. Septemba 2016 yalimkuta Brian Krebs, mwandishi wa Marekani anayefichua wahalifu wa mtandaoni. Tovuti yake ilipigwa kwa takriban gigabiti 620 kwa sekunde, mafuriko makubwa kuliko yaliyokuwa yamezoeleka wakati ule. Mengi yalitoka kwenye kamera za ulinzi na vifaa vingine vya nyumbani na vya madukani, vilivyotekwa kwa sababu vilibaki na nywila dhaifu au ya kiwandani. (Ile kamera ya duka la jirani yako. Ndiyo, hiyo.) Akamai, kampuni iliyokuwa ikimlinda bila malipo, ilifika mahali wateja wake wanaolipa wakaanza kuumia, ikamwambia aondoke. Krebs aliandika kwamba hailaumu. Tena aliomba mafuriko yake yaelekezwe shimoni, ili yasije yakamwangukia mwenyeji aliyekuwa nyuma yake. Alisema, kwa maneno mengine, nitupeni. Siku chache baadaye Google ilimpokea chini ya Project Shield, mpango wake wa kulinda bure tovuti za habari. Samaki wake alikuja haraka. Lakini yeye alikuwa Krebs.

Na kuna mwingine ambaye hatupwi kamwe. Alhamisi ya Julai 27, 2023, eCitizen ililala. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba mtandao huo ulikuwa umeshambuliwa, akasema hakuna data iliyopotea. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa zimewekwa pale. Waliokosa viza mtandaoni wakaambiwa watapewa wakifika. Watu walihangaika na tokeni za stima, na kutuma pesa kati ya simu na benki kukawa kwa shida. Nchi nzima ilikuwa kwenye ile ploti, mawe yakigonga paa moja na wote tukiyasikia. Je, kuna aliyesema eCitizen itafute mahali pengine ili sisi wengine tulale? Tulilalamika, tukangoja, wahandisi wakafanya kazi mchana na usiku. Ikarudi. Hivyo ndivyo mtu anayetakiwa anavyotendewa: matatizo yake yanakuwa matatizo yetu. Sisemi ilikuwa makosa. Nasema tunajua kufanya hivyo tukitaka.

Wadogo nao wana pa kwenda, ukibahatika kujua. Agosti mwaka huo huo tovuti ya Somali Journalists Syndicate, chama cha waandishi wa habari wa Somalia, ilifurikwa. Iliyosimama nayo ni Qurium, shirika la Sweden linalowahifadhi watu wa aina hiyo, na halikuishia kuyazuia mafuriko. Liliyafuatilia kujua yanapitishwa na nani. Cloudflare nayo tangu Septemba 2017 haiwatozi wala haiwatoi hata wateja wake wa bure kwa sababu ya ukubwa wa shambulio. Mimi mwenyewe sasa nimejificha huko, na nashukuru. Lakini mwezi mmoja kabla ya tangazo hilo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imemwondolea kinga mteja mmoja, Daily Stormer, tovuti ya Wanazi mamboleo. Simlilii hata kidogo. Nilichojifunza ni kwamba bei za mbuzi wa Ogwedhi ziko hewani kwa hisani ya ofisi iliyoko San Francisco, na hisani si haki. Mwenye hisani hupaswi kumuuliza maswali mengi.

Kinachoniuma zaidi ni shehena. Wale mabaharia walianza na mali yao. OVH, kampuni ya Ufaransa, mwaka 2013 iliamua kwamba kinga ya mafuriko itakuwa sehemu ya huduma kwa wateja wake wote, aliyewahi kushambuliwa na asiyewahi. Maana yake kila mpangaji anachangia kidogo mlango wa mpangaji mwingine ambaye hatakutana naye. Kwa hiyo inawezekana. Swali ni nani yuko tayari. Mwenyeji wangu angeniandikia, mwaka kabla sijashambuliwa, kwamba bei inapanda kidogo ili yeyote kati yetu akivamiwa asitolewe, ningefanya nini? Nawajua watu kama mimi. Ningehama siku hiyo hiyo kwenda kwa aliye rahisi zaidi. Wenyeji wa bei ya chini hawakuumbwa na roho mbaya. Wameumbwa na sisi, tunaolinganisha bei saa nne usiku tukiwa na bando la mwisho, na ambao hatujawahi kuuliza hata mara moja: nikipigwa, mtanifanya nini?

Komeo la mlango halikuwa linafika shilingi mia tano. Tulikuwa vyumba kumi. Hamsini kila mmoja, na nimeshawahi kupoteza hamsini kwenye kiti cha matatu nisijali. Hakuna aliyependekeza. Hakuna aliyesema twende sote kwa chifu, watu kumi mlangoni badala ya mwanamke mmoja ambaye alikuwa ameshaenda mara mbili na kuambiwa hayo ni mambo ya nyumbani. Hakuna aliyesema usiku akija tutoke wote na tochi tusimame tu. Labda yasingesaidia. Makasia nayo hayakusaidia. Lakini mabaharia walipomtupa yule mtu walikuwa na mikono yenye malengelenge, na sisi tulikuwa na usingizi.

Nilikutana naye mwezi uliopita, siku ya soko, upande wa wanaouza nguo za mitumba. Nilikuwa na daftari langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi nikimwona nitasema nini, na nilipomwona nikasema habari za watoto. Akasema wazuri, mkubwa ameingia darasa la nne. Akaniuliza habari za ploti.

"Namba nne aliingia nani, jirani?"

Nikamwambia mwalimu mmoja, kijana, mkimya.

"Na ule mlango, mzee alitengeneza?"

Nikamwambia alitengeneza. Akauliza lini. Nilitafuta namna nyingine ya kulisema nikaikosa, nikamwambia: Jumatatu, ile uliyohama Jumamosi yake. Akatikisa kichwa kidogo, akakunja sweta aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya zile zingine.